"Mfumo umekataa": sasa maneja wa tawi analipwa kwa kazi gani?

Wakuu, nina hasira. Mods msiuhamishie uzi huu jukwaa la teknolojia, hili ni la biashara.

Nafanya biashara ya mpunga. Nanunua Mbarali wakati wa mavuno, Mei mpaka Julai, keshi mkononi. Naweka stoo, nauza bei ikipanda, kuanzia Desemba huko. Hapo katikati akaunti inakauka, kama ya kila mtu wa nafaka. Hela iko kwenye magunia!

Zamani afisa mikopo alikuja stoo, akahesabu magunia, akatia mkono ndani kuangalia unyevu, akauliza majirani kama nalipa madeni. Msumbufu, na chai alikuwa anaitaka (tusidanganyane), lakini mpunga alikuwa anaujua. Mwaka huu taasisi ninayokopa miaka yote imeleta akili mnemba. Inasoma miamala ya simu na benki, inakupa alama, basi. Akaunti ikikaa kimya, kwake biashara imekufa. Mkopo nimenyimwa, na sijawahi kuchelewesha rejesho hata moja.

Nikaenda kwa maneja. Akanigeuzia kompyuta: mfumo umekataa. Kwa sababu gani? Hajui. Anaweza kuubatilisha? Hana mamlaka. Nani anayo? Makao makuu. Makao makuu wanasema niandike kwenye chati, na chati anajibu roboti!

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inayotumika tangu Mei 2023, inakupa haki ya kudai uamuzi mzito juu yako usifanywe na mashine peke yake. Nilipomtajia, akaniuliza hiyo sheria ni ya wapi. Maneja huyo!

Na msiniletee habari za matapeli. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania (BoT) ilipiga marufuku aplikesheni 69 za mikopo zisizo na leseni, safi kabisa. Mimi nasema hawa wenye leseni, wenye jengo na mlinzi getini.

Mashine ichuje maombi, sina ugomvi. Ila kama kipimo chake ni mshahara wa kila tarehe 25, basi wakulima, wavuvi na sisi wa nafaka kila mwaka tutaonekana tumefilisika, na hakuna bosi atakayewajibika maana "mfumo umekataa".

Kuna aliyewahi kupeleka lalamiko la namna hii Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi akasikilizwa? Aweke utaratibu hapa. Wale wa "badilika na wakati", piteni kimya kimya.