ACC au Big East: kikapu cha vyuo Marekani wenyewe ni nani?

Jobo_Upanga: Wakuu, jana kijiweni tumebishana mpaka muuza kahawa akakusanya vikombe vyake. Kikapu cha vyuo Marekani, kati ya hizi ligi mbili za vyuo, wenye mila ni ACC au Big East? Mimi nasema ACC. Wapo tangu 1953, North Carolina wana ndoo 6 za taifa, Duke 5, na hivyo vyuo viwili havifiki hata kilomita 20 toka kimoja hadi kingine, yani majirani kabisa ila wakikutana ni Simba na Yanga. Big East wamezaliwa juzi 1979, na senta waliyetupikia sisi Wabongo, Hasheem Thabeet, akaenda kuwa garasa NBA.

Niko_Hartford: Garasa??? Thabeet garasa? We kikapu umeanza kuangalia lini? 2009 mchezaji bora wa Big East, yeye na DeJuan Blair wa Pittsburgh, mlinzi bora miaka miwili mfululizo, chuo chake UConn (Connecticut) wakafika nne bora ya taifa, kwenye drafti, pale timu za NBA zinapochagua vijana kwa zamu, akaitwa namba 2. Stephen Curry, staa mzima wa NBA, aliitwa wa 7! Nitajie Mbongo mwingine aliyefika hapo ninyamaze.

chake_ni_chake: Mkuu unamzika mwenyewe halafu unalia. Ukitaja Curry wa 7 ndo watu wanakumbuka na Harden, staa mwingine, alikuwa wa 3 😂😂

Niko_Hartford: Hayo wakaulizwe Memphis, timu ya NBA iliyomchagua, chuo kilimaliza kazi yake

Dada_Ribaundi: Mjibuni swali la mtu jamani. 1985 kwenye nne bora Big East waliingiza timu tatu, Georgetown, St. John's na Villanova, halafu Villanova wakampiga Georgetown ya senta Patrick Ewing 66-64 fainali. Na ile mechi ya ukumbi wa Madison Square Garden 2009, Syracuse na UConn, overtaimu tano, Thabeet wenu alikuwemo.

chake_ni_chake: Sita. 127-117. Tusidanganyane

Dada_Ribaundi: Sita, haya, nimeandika nimesimama kwenye daladala. Nimekupa 1985 nzima umeona tano tu?

Jobo_Upanga: Na hao Syracuse mnaowasifia wako wapi leo? ACC, tangu 2013 😎

Dada_Ribaundi: Ndoo yao ya 2003 waliibebea Big East. Mtu akihama nyumba na picha za harusi za mwenye nyumba anahama nazo? Afu msituambie mila, toka 2024 mmewachukua Stanford na California, vyuo vya Pasifiki ndani ya ligi inayojiita ya pwani ya Atlantiki. Si bora muwachukue na Kigoma

Kawempe_Boy: Ndugu zangu mnapigana kwa Thabeet, sisi huku Kampala tuna Khaman Maluach. Alikulia Kawempe, akaenda Duke, 2025 wamefika nne bora, drafti namba 10.

Jobo_Upanga: Asante sana! Huyo ni ACC

chake_ni_chake: Huyo ni Msudani Kusini na bendera yao ndo aliyovaa Olimpiki Paris, acheni kuiba watoto wa watu

Kawempe_Boy: Mtoto ni wa aliyemlea. Mpira alijifunzia hapa hapa.

Niko_Hartford: Na 10 inakuja baada ya 2 kama mlisoma hesabu

Kawempe_Boy: Lakini wa kwetu bado anacheza NBA

Niko_Hartford: Nyie mnaongea kirahisi kwa sababu hamjawahi kuwa mrefu vile kwenye nchi ya watu, kila mtu anakutegemea, halafu unarudi nyumbani kijana wa kijiweni anakuita garasa. Mimi hiyo imeniuma na sitaki utani nayo.

chake_ni_chake: Kumbe na wewe mrefu?

Niko_Hartford: Futi 5 na 7, haihusiani

Jobo_Upanga: 😂😂 Wakuu turudi kwenye mada, ACC au Big East? UConn wenyewe walishahama Big East wakarudi 2020, ndoo yao ya 2014 wameichukulia nje, hiyo tunaihesabia wapi?

Niko_Hartford: Futa garasa kwanza ndo tuhesabu.