Kwa nini zana za programu zinachanganya kashe na siri kwenye saraka moja?

nukta_mbele:
Wakuu, jana nimejikata kwa kisu changu mwenyewe. Diski ilibaki na nafasi kiduchu, nikapiga du (amri ya kupima ukubwa wa saraka) nyumbani kwangu, nikakuta ~/.cargo, saraka ya zana ya lugha ya Rust, imevimba. Nikasema hiyo ni kashe tu, nakala za muda, itajipakua upya. Nikaifuta kwa rm -rf, kwisha kazi.

Nafungua terminali nyingine, inalalamika kwamba ~/.cargo/env haipo. Naandika cargo, amri haijulikani. Ndipo nikakumbuka kwamba humohumo mlikuwa na bin/ yenye programu nilizojijengea, config.toml niliyoihangaikia usiku kucha, na credentials.toml yenye tokeni (ufunguo wa siri) ya kuchapishia vifurushi. Vya kutupa na vya kutunza, kapu moja.

Kwa hasira nikahamia ~/go, saraka ya lugha ya Go. Huko rm ikanigomea mstari baada ya mstari kwamba sina ruhusa. Faili zangu, nyumbani kwangu!

Sasa swali. XDG, mwongozo wa mahali pa kuweka faili za mtumiaji, imeshapanga kila kitu: mipangilio ~/.config, data ~/.local/share, kashe ~/.cache, na tangu 2021 hata hali ya programu, kama historia na kumbukumbu za matukio, ina ~/.local/state. Ugumu wa kufuata uko wapi? Kwangu mimi, zana inayolaza tokeni pamoja na kashe imekosea, hata ikinipa kigezo cha mazingira (environment variable) cha kuihamishia kwingine. Na FHS nayo, kanuni ya mpangilio wa saraka za Linux, si imekataza fujo hii?

mkwaju_mmoja:
Pole mkuu. Hiyo ya Go imefanywa makusudi. Saraka za ~/go/pkg/mod zimefungwa zisiandikwe, usije ukahariri maktaba ya mtu ukidhani ni msimbo wako, na rm haiwezi kuondoa faili ndani ya saraka isiyoandikika. Amri yake ni go clean -modcache. Ukitaka ikae kwingine, weka kigezo cha GOMODCACHE. Kashe ya ujenzi yenyewe kwenye Linux tayari iko ~/.cache/go-build, kwa hiyo Go imetii nusu, nusu imekaidi.

mizizi_usr:
Ndugu, hapo kwa FHS umeteleza. FHS 3.0 ya 2015 inashughulika zaidi na mfumo: /usr ni ya wasambazaji, /usr/local ni ya msimamizi wa mashine, /opt ni ya vifurushi vya nyongeza. Kuhusu nyumbani inasema mipangilio ya mtumiaji ikae kwenye faili inayoanza na nukta, na zikizidi moja, ziwekwe kwenye saraka moja inayoanza na nukta. Sasa ~/.cargo ni nini kama si hiyo? Kwa kipimo hicho, aliyeipanga hana kosa.

Halafu kapu moja lina raha yake. Ukichoka na zana, unafuta sehemu moja na hakuna mabaki. Kwa XDG utaanza kuwinda saraka nne, na ukisahau moja, mipangilio ya zamani inakuja kukusumbua mwaka ujao.

Na kuhama si mchezo. Hesabu skripti zote zilizoandika ~/.cargo/bin moja kwa moja. Git, zana ya kutunza matoleo ya msimbo, ilifanya kwa upole: tangu toleo la 1.7.12 inasoma ~/.config/git/config, lakini haikuitupa ~/.gitconfig. Zikiwepo zote inazisoma zote, na zikipingana ile ya zamani ndiyo inayoshinda. Ndiyo maana wengi hata hawajui kwamba kuna njia ya pili.

mkwaju_mmoja:
Nukta yenyewe, ile inayoficha faili, ilizaliwa kwa bahati mbaya. Rob Pike, mmoja wa waliobuni Go, alisimulia mwaka 2012 kwamba ls, amri ya kuorodhesha faili, ilitakiwa ifiche "." na ".." (saraka uliyomo na ya juu yake) tu, lakini aliyeandika akakagua herufi ya kwanza peke yake. Tangu hapo kila mtu anaficha takataka zake nyuma ya nukta.

nukta_mbele:
@mizizi_usr ya FHS nimekubali, nilikuwa naisingizia. Ila raha ya kapu moja sikubaliani nayo. Zana naiondoa mara moja kwa miaka kadhaa, ilhali bekapu naifanya kila usiku, na kila usiku naburuta kashe kwa sababu ya faili moja ya mistari kumi. CARGO_HOME nayo, kigezo cha kuhamisha ~/.cargo, inalihamisha kapu lilivyo, halipangi kilichomo.

Nilichofanya: kompaila zilikuwa ~/.rustup, kwa hiyo zimepona, nimerudisha amri za Rust zenyewe ndani ya bin/ tu. config.toml halisi sasa iko kwenye hazina yangu ya git, na ndani ya ~/.cargo nimeacha kiungo. Bekapu inaruka registry/ na git/, na nafasi ikiisha nafuta hizo mbili tu. Tokeni ya zamani nimeibatilisha, nimetoa mpya. Programu nilizojijengea za bin/ bado najaribu kukumbuka zilikuwa zipi.

mizizi_usr:
Chungulia historia ya shell, tafuta "cargo install".

nukta_mbele:
Saba zimepatikana. Asante mkuu.