Vyombo vya Athens: picha nyeusi au nyekundu kufundishia maisha ya Wagiriki wa kale?

Kibuyu: Wakuu, natafuta picha za kufundishia kidato cha kwanza. Nichukue vyombo vya udongo vya picha nyeusi, vya karne ya 6 KK, au nyekundu vilivyoanza karibu 525 KK?

Tanuru Moto: Anzia kwenye ufundi. "Rangi" ile nyeusi ni tope la udongo lililochujwa likawa laini sana. Kwenye picha nyeusi umbo ndilo hupakwa tope, kisha mikunjo ya nguo na misuli hukwanguliwa kwa ncha kali. Kwenye nyekundu tope hupakwa kuzunguka umbo, umbo lenyewe huachwa, na ndani yake mchoraji hutumia brashi. Ndiyo maana miili inageuka na kupinda vizuri zaidi.

Uchomaji ni uleule. Hewa inaingia tanuruni hadi nyuzi 800 hivi, chombo chote chekundu. Unaziba matundu, unatia kuni mbichi, joto linafika kama 950, chote cheusi. Halafu unafungua hewa joto likishuka: mwili wa chombo una vinyweleo, unarudi kuwa mwekundu; tope limeshajifunga kama kioo, linabaki jeusi. Tope likipakwa jembamba mno, linageuka jekundu kwa madoa.

Bint Makumbusho: Kwa karamu za divai, nyekundu bila shaka. Tazama kikombe cha Mchoraji wa Brygos kilichopo Würzburg, Ujerumani: kijana anatapika, mwanamke amemshika kichwa. Picha iko ndani, kwenye kitako, kwa hiyo mnywaji aliiona divai ikiisha.

Mzee Chungu: Sawa binti, lakini ukichukua nyekundu tupu wanafunzi watadhani Athens ilikuwa ulevi tu. Hidria (mitungi ya maji) za picha nyeusi zinaonyesha wanawake kisimani, mitungi kichwani: uliojaa umesimama, mtupu umelazwa ubavu. Ngozi yao ilipakwa nyeupe juu ya nyeusi (wanaume waliachwa weusi), na nyeupe hiyo hubanduka, hivyo mwenye mikono myeusi si lazima awe mwanamume. Na amfora (mitungi ya mikono miwili) za mafuta ya zeituni, zawadi za michezo ya Panathenaia, sikukuu ya Athens, ziliendelea kuwa nyeusi hata nyekundu ilipotawala.

Kibuyu: Basi nichanganye?

Bint Makumbusho: Changanya, ila panga kwa kazi ya chombo: krateri ya kuchanganyia divai na maji, hidria ya maji, lekitho (chupa ya mafuta) nyeupe ya makaburini. Na waambie vyombo vingi vizima vilifukuliwa kwenye makaburi ya Waetruski, watu wa kale wa Italia, kama katika mji wa Vulci. Nikosthenes, mfinyanzi wa Athens, alifinyanga hata amfora za umbo la Kietruski kwa ajili ya soko hilo.