Ualimu au uuguzi: kwa elimu sawa, nani hupata zaidi Lamu?

Mkaazi wa Langoni
Asalaam aleikum jamaa. Kuna kijana hapa Amu ana alama za kusomea shahada ya ualimu wa sekondari au ya uuguzi. Wazee wake washaamua kuwa ualimu ni njaa. Naomba hesabu: mwalimu anapunjwa kweli akilinganishwa na muuguzi wa elimu ileile? Na posho ya Lamu inafidia?

Karani wa Hesabu, Malindi
Waaleikum salaam. Msilinganishe mishahara ya msingi peke yake, hapo ndipo watu wengi hukosea. Katika mkataba wa mishahara ya walimu wa 2017–2021, mwalimu wa sekondari mwenye shahada, daraja C2, alianzia msingi wa Sh34,955, na wa shule ya msingi, daraja B5, Sh21,756. Mkataba uliofuata ulitiwa saini Julai 2021 bila nyongeza hata ya shilingi moja. Pesa zilikuja Agosti 2023 baada ya mvutano, bei za vitu zishapanda. Huo ndio upunjaji wenyewe.

Sasa makato, kwa viwango vya 2025. Chukua jumla ya Sh50,000, ambayo msingi wake ni Sh35,000. Pensheni ni asilimia 7.5 ya msingi: 2,625. SHIF, yaani bima ya afya ya jamii, asilimia 2.75 ya jumla: 1,375. Tozo ya nyumba asilimia 1.5: 750. Zinabaki 45,250 za kutozwa kodi. Kodi yake ni kama 8,358. Ondoa nafuu ya kodi ya 2,400, analipa 5,958. Mkononi: takriban Sh39,292, kabla ya ada ya chama, sacco na mkopo wa chuo.

Ticha wa Pate
Hesabu safi. Niongeze la posho, maana ndilo linalotofautisha kazi hizi mbili. Mwalimu ana posho ya nyumba, ya usafiri na, kwa kuwa Lamu imo kwenye orodha ya maeneo magumu, ya mazingira magumu. Muuguzi naye ana ya nyumba na ya mazingira, kisha juu yake posho ya hatari na ya huduma ya uuguzi. Mwalimu anayesahihisha madaftari usiku halipwi saa hizo.

Posho ya mazingira magumu inakatwa kodi, haiingii kwenye pensheni, na ukihamishiwa shule isiyo kwenye orodha inaondoka. Wengi hukopa kwa kuitegemea, halafu uhamisho ukija, marejesho ni yaleyale na mshahara umepungua. Na kwa mwalimu wa Kizingitini au Faza sehemu yake huishia kwenye nauli ya boti kila anapovuka kutoka kisiwani kwenda Mokowe, bara, kufuata benki au ofisi. Kuiita ziada ni kumdhulumu.

Bi Mpeketoni
Mbona hamsemi nani analipa? Mwalimu wa kudumu analipwa na TSC, tume ya serikali kuu inayoajiri walimu. Wauguzi wengi wako chini ya kaunti, na kaunti ikicheleweshewa mgao na Hazina, mshahara nao unachelewa. Kuna wauguzi waliochukuliwa mwaka 2020 kwa mikataba ya miaka mitatu, wakakaa wakipigania kuajiriwa kwa kudumu. Kwa utulivu wa mwezi hadi mwezi, mwalimu yuko mbele.

Mkaazi wa Langoni
Ahsanteni sana. Na kupanda daraja?

Ticha wa Pate
C2 hadi C3 ni miaka mitatu, bila kushindania nafasi, ilimradi kazi na faili ziko sawa. Kutoka hapo ni tangazo na mahojiano, na nafasi ni chache kuliko waombaji; mtu anaweza kukwama C3 miaka mingi huku akifundisha vizuri kabisa. Hapa ndipo naona dhuluma kubwa kuliko mshahara wa kuanzia.

Jambo la mwisho, na mwambieni kijana kabla hajajaza fomu: kati ya kuhitimu na kuajiriwa kuna pengo. Walimu wanagenzi wa sekondari ya chini walilipwa Sh20,000 kwa mwezi, wa msingi Sh15,000, kabla ya makato, kwa kazi ileile ya mwalimu kamili. Mahakama ya kazi Aprili 2024 ilisema TSC haina mamlaka ya kuwaajiri hivyo. Wengine hufundisha kwa bodi ya shule, na huko malipo hutegemea mfuko wa wazazi. Akichagua ualimu, achukue masomo yenye upungufu wa walimu, kama fizikia na hisabati. Historia na Kiswahili foleni yake ni ndefu.