Donsker anaongeza nini juu ya nadharia ya kikomo cha kati?

kijana_shangani: Wakuu shikamooni, niko Mtwara nasoma hesabu na nimekwama. Ukirusha sarafu mara n, kichwa +1 mwenge −1, jumla ukiigawa kwa kipeuo cha pili cha n inafuata kengele ya Gauss, hiyo nimeielewa. Sasa mwanahisabati Donsker 1951 anasema mchoro mzima wa jumla kuanzia mwanzo mpaka mwisho unaelekea kwenye mwendo wa Brown, yaani njia ya kubahatisha isiyokatika inayotetemeka muda wote. Si ndo kilekile ukikirudia kwa kila wakati t? Mbona kuna kurasa kibao za kuthibitisha eti michoro imebanwa?

mmakonde_wa_newala: Marahaba mdogo wangu. Hapana sio kilekile. Chora mstari bapa wa sifuri, halafu simamisha mwiba mmoja wenye urefu 1 sehemu yoyote ya kubahatisha, n ikikua mwiba unazidi kuwa mwembamba. Ukichagua t yako ukasimama hapo uwezekano wa kuukuta mwiba unaenda sifuri, chagua t mbili au hamsini ni vilevile, yaani kila ukichungulia unaona bapa, lakini kilele cha mchoro ni 1 siku zote! Kubanwa kunazuia huo mwiba, kwamba ndani ya kipande kifupi cha muda mchoro usipande na kushuka sana.

kijana_shangani: Duh, mwiba umeniingia. Ila kwenye sarafu napata nini cha ziada?

mmakonde_wa_newala: Unapata kilele. Rusha mara 10,000, kipeuo chake 100. Uwezekano wa kumaliza ukiwa juu ya 100 ni kama asilimia 16. Uwezekano wa kuwahi kufika 100 wakati wowote njiani ni kama 32, mara mbili, kwa sababu ukishafika 100 kuanzia hapo kupanda na kushuka ni sawasawa. Wanahisabati Erdős na Kac walishayaona haya 1946, uzuri wa Donsker ni kwamba sio sarafu tu, hata uzito wa magunia ya korosho ukitoa wastani na ukagawa pia kwa mchepuko wake (kipimo cha uzito kutawanyika kutoka kwenye wastani), jibu ni lilelile.

bi_hesabu_lindi: Naongezea kitu, gunia moja lisitegemee jingine, na variansi, yaani mraba wa huo mchepuko, iwe na mwisho. Ikiwa haina mwisho kipeuo cha pili hakitoshi tena, na kinachoweza kutokea ukipata kipimo sahihi ni mchakato wa Lévy wenye miruko, yaani njia ya kubahatisha inayoruka ghafla, hapo unahitaji nafasi ya Skorokhod, yaani mkusanyiko wa michoro inayoruhusiwa kuruka, maana mchoro umekatika.