"Hardly" haina "not", mbona kiswali chake hakikanushi?

Mdadisi: Wakuu, naombeni msaada. Kanuni ya vile viswali vya mwishoni mwa sentensi za Kiingereza naijua: sentensi ikikubali, kiswali kinakanusha, ikikanusha, kiswali kinakubali. "She can't swim, can she?" Hapo sina shida. Jana kwenye zoezi nimeandika "He hardly speaks, doesn't he?" nikapigwa kosa. Nimeipitia neno kwa neno, "not" siioni. Mtihani ni wiki ijayo.

Chaki: Usitafute "not", sikiliza maana. "He hardly speaks" ni kwamba huyu mtu karibu hasemi kabisa. Umeshakanusha hapo, kwa hiyo "does he?" Kundi lake ni never, seldom, rarely, scarcely, nobody, nothing. "Nobody called, did they?" Ona pia nobody inavyochukua "they", ila nothing inachukua "it": "Nothing changed, did it?"

Halafu kuna huu mtego, naupenda sana: "Few people know, do they?" lakini "A few people know, don't they?" Hiyo "a" peke yake inageuza kila kitu. Bila hiyo, wanaojua ni kama hawapo; ukiiweka, wapo kadhaa.

Mdadisi: Aisee! Basi "He is unhappy" nayo ni "is he?"

Chaki: Hapana. "Un-" imekanusha neno, sentensi imebaki ya kukubali. "Isn't he?"

Tulizo: "I'm late, aren't I?" na "Let's go, shall we?" hizo kariri tu. Mimi naona kinachotuangusha zaidi ni kujibu. Kwenye usaili niliulizwa "You haven't worked abroad, have you?" Nikajibu "Yes", nikiwa na maana ya "ndiyo, sijawahi", kama tunavyosema siku zote. Msaili akachukua kalamu, akaniuliza nchi gani. Kwa Kiingereza, kama hujawahi ni "No, I haven't", hata kama unakubaliana naye.

Mdadisi: Asanteni sana. Nimejaribu upya: "They rarely visit, do they?" na "She's finished her work, isn't she?"

Chaki: Ya kwanza safi. Ya pili, hiyo 's ni "has", kwa sababu ya finished her work. "Hasn't she?"