Phelsuma: grandis wa kawaida, krimsoni, au laticauda?

Kijani_Himbi (Goma)
Jambo wandugu. Kisanduku cha kioo ninacho, 45 kwa 45, kimo sentimita 60. Natafuta mjusi mmoja wa mchana, yaani Phelsuma, mzaliwa wa kufugwa, mwenye karatasi za CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyamapori na mimea. Nasita kati ya aina mbili: grandis, awe wa kawaida au wa ukoo mwekundu wanaouita krimsoni, na laticauda. Bei ya krimsoni inaniumiza kichwa. Ule wekundu ni wa kweli?

Yaya_Bukavu
Ni wa kweli. Wafugaji wamekuwa wakichagua wazazi wenye mabaka makubwa, kizazi hadi kizazi, mpaka wekundu ukatanda mgongoni. Ila hawatoki sawa. Mayai hutagwa mawili mawili, na pacha mmoja anaweza kujaa wekundu huku mwenzake akiambulia madoa machache. Kwa mtoto huwezi kujua, rangi hukomaa na mwili. Anayekuuzia mtoto, mdai picha ya baba na mama yake hasa, si ya kuokota intaneti.

Fundi_Kioo
Mie laticauda, bila kufikiri mara mbili. Ana kama sentimita 13, grandis anapita 25. Rangi zote amezaliwa nazo: samawati kuzunguka macho, vumbi la dhahabu shingoni, mistari mitatu myekundu kiunoni. Ukoo wa kulipia wa nini?

Yaya_Bukavu
Mzuri, lakini mwepesi mno! Fungua mlango kidogo, yuko ukutani. Grandis akizoea analamba ndizi iliyopondwa kwenye kijiko chako.

Mzee_Kamalondo (Lubumbashi)
Mnabishana ukoo, hakuna anayetaja taa. Kijani chao ni rangi ya njano juu ya vichembe vinavyorudisha mwanga wa bluu. Mjusi akipata baridi au hofu, anafifia. Wangu asubuhi za Juni anaamka rangi ya tope. Akiota joto la taa, digrii 30 hivi, kijani kinarudi. Goma nako usiku ni baridi. Bila joto na taa ya UVB, yenye miali kama ya jua, krimsoni wa bei kali atakaa kahawia tu.

Kijani_Himbi
Na umeme wetu mnaujua. Basi grandis wa kawaida, pesa inayobaki iende kwenye taa na betri. Aksanti sana, mzee.

Mzee_Kamalondo
Sawa. Usimshike mkononi, ngozi yao huchanika upesi. Na usimwongezee dume wa pili, watararuana.

Fundi_Kioo
Laticauda, nasema.